Samaki wa Tangini Akifa, Azikwe Wapi?

Samaki wa mapambo mara nyingi hukutwa asubuhi. Mwenye nyumba akifungua pazia humwona ameelea ubavu juu karibu na bomba la hewa, au amenaswa kwenye mdomo wa chujio, rangi yake ya dhahabu imeanza kufifia na jicho limeingia ukungu mweupe. Mtoto anauliza kama amelala. Mama anatafuta kijiko kirefu. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo aliyewauzia samaki hakuwahi kuligusia: huyu sasa atapelekwa wapi?

Watu wana majibu ya haraka. Wapo wanaomtia chooni na kuvuta maji. Wapo wanaomfunga kwenye gazeti na kumtupa kwenye pipa la taka, na wapo wanaomrushia paka. Wengine hubeba ndoo hadi mtoni, wakiamini kwamba kiumbe wa maji anarudishwa kwao. Kati ya yote hayo, la mtoni ndilo linaloonekana la heshima zaidi, na ndilo baya kuliko yote. Anayetaka kujua sababu na aanzie Kiboko.

Kiboko ni kituo kidogo kwenye barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, katika Kaunti ya Makueni, ukishapita Emali na kabla hujafika Makindu. Wakulima wanakijua kwa sababu ya shamba la utafiti la KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, ambako mbegu za mahindi ya kustahimili ukame hujaribiwa kwa ushirikiano na CIMMYT, kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano. Wasafiri wa zamani wanakijua kwa sababu ya Hunter's Lodge, hoteli aliyoianzisha mwindaji John Alexander Hunter kando ya bwawa la chemchemi, chini ya migunga yenye magome ya manjano. Nchi yote inayozunguka hapo ni kame, ya vichaka vya miiba na udongo mwekundu. Bwawa lile hata hivyo lina maji mwaka mzima.

Maji hayo yanatoka Chyulu. Vilima vya Chyulu ni vichanga kwa hesabu ya volkano, na juu yake hakuna mto hata mmoja. Mvua ikinyesha huko huzama papo hapo katika mawe yenye vitundu na nyufa, na chini ya vilima hivyo kuna mapango yaliyochongwa na lava, likiwemo Pango la Leviathan, ambalo ni miongoni mwa mapango marefu zaidi ya aina yake duniani. Maji husafiri gizani, kisha hujitokeza miguuni pa vilima: Kiboko, Makindu, Umani karibu na Kibwezi, na Mzima ndani ya Tsavo Magharibi, ambako bomba limekuwa likipeleka maji Mombasa tangu miaka ya 1950. Jiwe la namna hiyo halichuji uchafu kama unavyochuja udongo mzito wa mfinyanzi. Kinachoingia upande mmoja kinaweza kutokea upande wa pili kikiwa karibu vilevile.

Kutoka Kiboko maji huelekea Mto Athi, mto ambao kwa sehemu kubwa ndio mpaka kati ya Makueni na Kitui. Athi ukikutana na Mto Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia pwani huitwa Sabaki, hadi unapomwagika baharini kaskazini ya Malindi. Katika safari yote hiyo kuna watu wanaochota, ng'ombe wanaokunywa, na mashamba ya nyanya na vitunguu yanayonyweshwa kwa pampu.

Sasa mtie katika maji hayo samaki mmoja aliyekufa kwa ugonjwa usiojulikana.

Samaki wa mapambo ni msafiri. Beta na samaki wa dhahabu asili yao ni Asia, gapi wametoka Amerika ya Kusini, na wale wenye milia wanaopendwa sana kwenye matangi makubwa huenda babu zao walivuliwa Ziwa Malawi au Ziwa Tanganyika. Kabla ya kufika sebuleni amepita kwenye vidimbwi vya wafugaji, mifuko ya hewa, ndege na maduka, akichanganywa na samaki wa kila nchi. Njiani huokota wadudu, kuvu, bakteria na virusi. Mwili wake ukioza ndani ya mto hutawanya vyote hivyo, na mara nyingi hauozi kwanza: huliwa na samaki wengine, au huokotwa na mdiria na kupelekwa kwenye bwawa la pili.

Dunia imekwisha kuona matokeo yake. Mwaka 1998, virusi vya herpesi ya koi viliibuka Israel na Marekani, vikaenea pamoja na biashara ya koi, wale karpu wa rangi wanaofugwa kwenye vidimbwi vya hoteli na bustani. Mwaka 2003 vilifika Ziwa Kasumigaura nchini Japani na kuua karpu zaidi ya tani 1,000 waliokuwa wakifugwa kwa ajili ya chakula. Mfugaji wa tilapia wa Makueni anaweza kusema virusi hivyo si vya samaki wake, na atakuwa amesema kweli. Lakini kila jamii ya samaki ina maradhi yake, na tilapia naye ni wa familia moja na wengi wa wale samaki wenye milia wa dukani. Tangu serikali ya Kenya ilipoanzisha mpango wa kuchochea uchumi mwaka 2009, uliochimba mabwawa 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140 ya mwanzo, tilapia na kambare si wageni tena katika nchi kavu. Bwawa la familia lililochimbwa kwa jasho halifai kuhatarishwa kwa sababu ya samaki mmoja wa pambo.

Tena si samaki peke yake. Maji ya tangi hubeba konokono, mayai na vipande vya mimea. Gugumaji lililofunika ghuba ya Kisumu lililetwa Afrika kama ua la kupamba vidimbwi, kwa uzuri wa maua yake ya zambarau, na likaonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Wavuvi wa Nyanza wanajua kilichofuata. Na samaki aliye hai ni hatari kuliko maiti: mwaka 2021 mji wa Burnsville, jimbo la Minnesota huko Marekani, uliwaomba wakazi waache kuwaachia samaki wa dhahabu ziwani, baada ya kuvuliwa wengine wakubwa kama mpira wa futiboli ya Kimarekani, waliokuwa wakifukua tope la chini na kuchafua maji. Anayemwachia samaki mgonjwa mtoni kwa huruma, ili akafie kwenye uhuru, anafanya makosa mawili kwa mpigo. Kwa sheria ya Kenya ya uvuvi ya mwaka 2016, kuingiza samaki wa kigeni katika maji ya nchi kunahitaji kibali.

Basi choo je? Hapa yafaa kusema ukweli bila kutisha watu. Gapi wa urefu wa kidole akitumbukia kwenye choo cha shimo hatamdhuru mtu, mradi choo chenyewe kiko mbali na kisima. Koi wa nusu kilo akivutiwa maji kwenye choo cha ndani ni habari nyingine: mifupa na magamba hukwama kwenye kona ya bomba, na fundi atakayeitwa hatakuja bure. Katika miji midogo ya Makueni na Kitui nyumba nyingi hazina bomba la maji taka la mji. Zina tangi la maji taka uani, na tangi hilo likijaa huvujia kwenye udongo uleule wa boma. Kibaya zaidi ni kumvutia maji samaki ambaye bado anahema. Hafi haraka kama watu wanavyodhani. Hufa polepole, gizani, katika uchafu.

Paka naye anyimwe. Samaki wa tangini hutibiwa kwa dawa ambazo hazikukusudiwa kuingia tumboni, kama ile rangi ya kijani iitwayo malakaiti, ambayo nchi nyingi zimeipiga marufuku kwa samaki wa kuliwa. Kwa sababu hiyohiyo koi aliyenona asiishie kikaangoni, hata kama anaonekana mzima, na mzoga usiachwe tangini uliwe na wenzake.

Jibu lililo bora kwa boma la Ukambani ni udongo, lakini si kila udongo.

Kosa ambalo ni rahisi kulifanya ni kuchagua pahali palipo laini. Wakati wa kiangazi, ardhi ya Kiboko huwa ngumu kiasi cha jembe kuruka, na sehemu nyingine mawe ya lava yamejaa juu. Mtoto aliyetumwa kuzika samaki hukimbilia mto mkavu, maana mchanga wa mto unachimbika kwa mkono. Lakini mchanga huo si ardhi tupu. Ndio ghala la maji. Kote Kitui na Makueni watu hufukua mchanga wa mto kutafuta maji ya kunywa, na mabwawa ya mchanga, ambayo shirika la SASOL limejenga kwa mamia huko Kitui, hufanya kazi kwa kuzuia mchanga unaoficha maji ndani yake yasikauke kwa jua. Kuzika mzoga humo ni kuuzika ndani ya mtungi wa jirani. Vivyo hivyo kingo za silanga, yaani bwawa la kukinga maji ya mvua, mifereji ya kunyweshea, na mahali popote maji ya mvua yanapopita yakienda bwawani.

Pahali panapofaa ni ndani ya boma, kwenye mwinuko, angalau hatua 40 kutoka kisimani au mtoni. Samaki mdogo anatosheka na shimo la kina cha mkono hadi kwenye kiwiko. Koi au samaki wa dhahabu mkubwa anahitaji nusu meta na zaidi, kwa sababu Kiboko si mahali pa kuzika kitu kwa juujuu: kuna mbwa, kenge, nguchiro na nyegere, na wote hao wana pua. Amwagiwe maji kidogo shimoni ili udongo ushikane, afukiwe, udongo ushindiliwe kwa mguu, kisha jiwe bapa liwekwe juu kwa wiki kadhaa. Asifungwe kwenye plastiki. Gazeti, jani la mgomba au kiboksi cha karatasi vinatosha, navyo huoza pamoja naye.

Akizikwa karibu na mti, mti hufaidika. Mwili wa samaki una naitrojeni na fosforasi nyingi, na wakulima wa nchi mbalimbali wametumia mabaki ya samaki kama mbolea kwa karne nyingi. Makueni ni nchi ya miembe na michungwa. Mwembe mchanga uliopandwa juu ya samaki aliyefukiwa vizuri, mzizi ukiwa umetengwa naye kwa tabaka la udongo, utamla bila tatizo. Mboga zinazoliwa mbichi zisipandwe hapo. Na kama samaki wengi wamekufa kwa wakati mmoja kwa ugonjwa unaoambukiza, ni afadhali wachomwe hadi wawe majivu, au wazikwe chini zaidi na kunyunyiziwa chokaa, kisha afisa wa uvuvi wa kaunti aarifiwe, hasa ikiwa kuna mabwawa ya tilapia jirani.

Kabla ya yote hayo kuna kumtoa tangini, na hilo linataka haraka. Samaki akifa, bakteria huanza kumvunjavunja mara moja, na kwa joto la Kiboko, kilicho chini ya meta 1,000 kutoka usawa wa bahari, kazi hiyo huenda mbio. Kuoza hutoa amonia, sumu inayochoma mashavu ya samaki waliobaki. Maji ya visima vingi vya Makueni na Kitui yana chumvi na chokaa nyingi, na maji ya namna hiyo yanapokuwa na alkali na yakawa na joto, sehemu kubwa zaidi ya amonia hugeuka kuwa ile iliyo kali. Ndiyo maana mzoga uliosahaulika nyuma ya jiwe la pambo kwa siku mbili unaweza kuua tangi zima. Atolewe kwa kijiko au wavu, kisha robo ya maji ibadilishwe. Anayetumia maji ya bomba yenye klorini ayaache kwenye ndoo wazi kwa siku nzima kwanza.

Mikono ilindwe. Matangi ya samaki yanaweza kuwa na bakteria aitwaye Mycobacterium marinum, ndugu wa yule wa kifua kikuu. Huyu haendi mapafuni. Anapenda ubaridi wa ngozi, huingia kwenye mchubuko wa kidole na kuleta uvimbe au kidonda kinachokaa miezi, na daktari asiyeambiwa habari za samaki anaweza kukitibu kwa dawa isiyofaa. Glavu za mpira zinatosha, na baadaye sabuni na maji. Mwenye jeraha mkononi amwachie mwingine kazi hiyo.

Je, amekufa kweli? Wapo samaki wanaolala ubavu, na wapo wanaozimia kwa kukosa hewa stima ikikatika na pampu kusimama. Aangaliwe mashavu kwa dakika chache. Yakitulia kabisa, jicho likiwa limefifia na mwili umeanza kukakamaa, amekufa. Yakitikisika hata kidogo, ahamishiwe kwenye ndoo ya maji safi yenye hewa.

Wakati mwingine hakuna matumaini: tumbo limevimba, magamba yamesimama, hali tena kwa siku nyingi. Wengi humwacha ateseke kwa sababu hawajui la kufanya, wengine humweka kwenye karatasi ahangaike hadi ajifie. Ipo njia ya upole, na dawa yake inapatikana kwa wauza dawa na viungo: mafuta ya karafuu, zao lile la Unguja na Pemba. Mafuta hayo yana kemikali iitwayo yujenoli, ambayo humlaza samaki usingizi, na ikizidi humsimamisha pumzi bila kuhangaika. Matone kumi hivi, karibu nusu mililita, hutikiswa kwenye chupa ndogo ya maji ya uvuguvugu hadi yawe meupe, maana mafuta hayachanganyiki yenyewe, kisha humiminwa kwenye lita moja ya maji ya tangi alimo mgonjwa. Atalegea, atalala, mashavu yatatulia. Aachwe humo nusu saa nzima baada ya mashavu kusimama, ili asije akazinduka mkononi mwa anayemzika.

Anayetaka kujua kilichomuua samaki wake asimgandishe. Amweke kwenye barafu au sehemu ya baridi ya friji siku hiyohiyo na kumtafuta daktari wa mifugo, au kumfikisha kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete. Mara nyingi hata bila maabara sababu huonekana. Samaki mmoja akifa peke yake, huenda ni uzee: gapi hupata miaka miwili au mitatu tu. Wote wakifa usiku mmoja, iulizwe habari ya stima, maji mapya, na ile dawa ya kupuliza mbu. Sumu inayoua mbu chumbani huwaua samaki kwa kiasi kidogo sana, na Kiboko ni nchi ya mbu.

Kuhusu mazishi yenyewe, wapo watu wazima wanaocheka. Kumchimbia kaburi kitu kinachouzwa sokoni kwa kilo! Wangeenda Kitwe, Zambia, mnamo Septemba 2020 wangenyamaza. Chuo Kikuu cha Copperbelt kilikuwa na samaki mkubwa aliyeitwa Mafishi, ambaye kwa maelezo ya viongozi wa wanafunzi alikuwa na umri wa miaka isiyopungua 22, na alikuwa ameishi katika kidimbwi cha chuo kwa miaka 20 hivi. Wanafunzi walikuwa wakienda kumtazama kabla ya mitihani, wengine wakiamini analeta bahati, wengine kutuliza moyo tu. Alipokufa waliwasha mishumaa, wakaandamana chuoni kwa maombolezo, na Rais wa wakati huo, Edgar Lungu, akaandika salamu zake za pole. Viongozi wa wanafunzi walisema wanataka ahifadhiwe badala ya kuzikwa.

Uingereza nako, samaki wa dhahabu aitwaye Tish, aliyetolewa kama zawadi kwenye tamasha mwaka 1956, aliishi hadi 1999. Miaka 43 katika familia moja! Alizikwa bustanini.

Mtoto wa miaka sita wa Makindu aliyekuwa akimlisha samaki wake kila asubuhi kabla ya kwenda shule hana sababu ya kudanganywa kwamba amesafiri au amelala. Akidanganywa atangoja, na mwenzake mwenye rangi tofauti kidogo akiletwa kisirisiri atamtambua. Kwa wengi wao hiki ndicho kifo cha kwanza kukiona kwa karibu, na kinatokea kwa kiumbe ambaye walikabidhiwa kumtunza. Aambiwe kwamba amekufa, aelezwe kwa nini kama sababu inajulikana, na aruhusiwe kuchagua mti. Akitaka kuomba, aombe. Akitaka kuandika jina kwenye jiwe kwa makaa, dakika tano za mzazi hazitapotea bure. Asilazimishwe kutazama mwili, wala asikemewe kwa kulia.

Baada ya hapo tangi hubaki, na ndani yake huenda kuna ugonjwa. Maji yake yasimwagwe mtaroni. Yamwagwe kwenye shina la mwembe au mpapai mbali na mkondo wa maji, na kama hayana chumvi ya dawa, mti utayashukuru. Kokoto na mapambo yaoshwe kwa maji ya moto bila sabuni, yaanikwe juani hadi yakauke kabisa, na wavu vilevile. Mimea ya tangini ianikwe hadi iwe nyasi kavu kabla ya kutupwa. Samaki mpya akinunuliwa, akae peke yake kwenye ndoo au tangi dogo kwa wiki mbili hadi nne, akitazamwa ngozi, mapezi na hamu ya kula, na wavu wake usichovywe kwa wenzake hata mara moja.